UZI: Chuo kina wanafunzi wangapi? Takwimu za chuo kikuu zinatoka wapi, na zinasomwaje

#1 MkaziWaTudor

Waungwana, swali hili hurudi kila msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti, kwa hiyo nimelifungulia uzi wake. Mtu anaandika, "Naomba idadi ya wanafunzi wa chuo fulani." Anajibiwa na watu watatu, kila mmoja na namba yake, kisha vinazuka vita vya nani mwongo. Mara nyingi mwongo hayupo. Wamehesabu watu tofauti, siku tofauti.

Mfuateni kijana mmoja tangu KUCCPS, ile huduma ya serikali ya Kenya inayowapangia wanafunzi vyuo, hadi chumba cha mtihani muone anavyohesabiwa. Mwanzo kabisa kuna nafasi: chuo kinatangaza kila kozi inaweza kupokea wangapi. Halafu kuna waliopangiwa, yaani KUCCPS imeshatoa majina. Kuna walioripoti, waliofika na vyeti vyao wakapewa namba ya usajili. Kuna waliojisajili kwa muhula: wameingia kwenye mfumo, wamechagua masomo, na karo yao imefika kiwango ambacho chuo kinataka ili kuwafungulia. Na kuna waliokaa mtihani. Hizo ni namba tano kwa kozi moja, mwaka mmoja.

Tuseme, kwa kupigia mfano tu, nafasi ni 120, waliopangiwa 104, walioripoti 83, waliojisajili 79, waliokaa mtihani 71. Wewe ukigawanya kitu kwa 104 na mwenzako akagawanya kwa 79, nyote mmetumia "idadi ya wanafunzi", na majibu yenu hayatakutana milele.

Kila namba ina ofisi yake. Udahili na usajili ni wa msajili wa masuala ya taaluma. Karo ni ya fedha. Maksi ni za kitivo na ofisi ya mitihani. Zinazopelekwa serikalini hukusanywa na ofisi ya mipango. Watu wa TEHAMA ndio wenye ufunguo wa seva, lakini data si yao. Ukienda kwao moja kwa moja watakwambia kalete barua, na wako sahihi, usiwakasirikie.

Kwa hiyo kabla ya kuomba chochote, swali lako litaje nani anahesabiwa (aliyepangiwa, aliyeripoti, aliyejisajili), tarehe gani, ngazi gani na kampasi gani. Ngazi ndiyo inayosahaulika zaidi hapa kwetu. Chuo kama TUM (Technical University of Mombasa, hapa Tudor) kilikuwa politekniki kabla ya kuwa chuo kikuu, na mpaka leo kinafundisha diploma na cheti sambamba na shahada. Jumla ya "wanafunzi wote" na jumla ya "wanafunzi wa shahada" zinapishana kwa mbali sana, na ripoti nyingi za vyuo vikuu hubeba shahada pekee.

Walio na ujuzi wa sehemu nyingine waendelee.

#2 Mwanakombo_K

Shukran kaka. Mimi nahitaji wasichana wanaosoma uhandisi, miaka mitano hivi, nione wanaongezeka au la. Nianzie wapi kabla sijaandika barua? Sitaki kuomba kitu ambacho tayari kimechapishwa.

#3 BintiTakwimu

Mwanakombo dadangu, anza na vilivyo wazi. KNBS, shirika la taifa la takwimu, hutoa ripoti ya uchumi iitwayo Economic Survey kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Mei, na sura ya elimu ina jedwali la wanafunzi wa vyuo vikuu, chuo kwa chuo, wanaume na wanawake. Hiyo itakupa jinsia kwa chuo kizima. Uhandisi peke yake hutaupata humo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, nayo imetoa vitabu vya takwimu vinavyogawanya wanafunzi kwa fani, basi vitazame pia, ila soma jinsi walivyopanga fani. Uhandisi, utengenezaji bidhaa na ujenzi huwekwa kapu moja katika mpango wa kimataifa wa kupanga fani za elimu. Msanifu majengo na fundi wa umeme wanaweza kuwa mstari mmoja.

Jedwali la KNBS lina mitego mitatu.

Wa kwanza ni nyota. Mwaka wa mwisho kwenye jedwali mara nyingi una alama, na chini kabisa kwa maandishi madogo imeandikwa kwamba ni takwimu za awali. Mwaka unaofuata zinarekebishwa. Usichukue 2020 kutoka toleo la 2021, 2021 kutoka toleo la 2022, na kuendelea hivyo. Fungua toleo jipya zaidi, chukua miaka yote iliyomo, kisha rudi nyuma kwa toleo la zamani pale tu ambapo jipya halifiki. Na miaka miwili ipishane kati ya matoleo, uone kama zimebadilika.

Wa pili ni majina. TUM ilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili 2013. Tangu 2007 ilikuwa chuo kishiriki cha JKUAT (Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia) kwa jina la Mombasa Polytechnic University College, na kabla ya hapo Mombasa Polytechnic. Pwani kule Kilifi hivyo hivyo: chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta tangu 2007, hati 2013. Ukichora mstari unaopita 2013, angalia wanafunzi wa nyuma wameandikwa peke yao au wamo ndani ya chuo mama. Mstari ukiruka ghafla mwaka huo, hakuna mafuriko ya wanafunzi. Ni mtoto amehama nyumba ya wazazi.

Wa tatu ni jumla za pembeni. Jumlisha mwenyewe wanaume na wanawake. Zisipofika jumla iliyochapishwa, soma maelezo ya chini kabla ya kulaumu mtu.

Na tafadhali, kwenye Google andika site: halafu anwani ya tovuti ya chuo, halafu filetype:pdf, kisha neno unalotafuta kwa Kiingereza, maana hati zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Ripoti nyingi ziko kwenye seva ya chuo lakini hakuna kiungo chochote kwenye menyu kinachokupeleka. Ukikuta kiungo kimekufa, kibandike kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti.

#4 NahodhaWaLikoni

Niongezee la miaka, maana hapo ndipo wengi huzama.

"2022/2023" kwenye hesabu za fedha ni 1 Julai 2022 hadi 30 Juni 2023. "2022/2023" kwenye ratiba ya masomo huanza Agosti au Septemba na huenda ikaisha baada ya Juni. Maneno ni yale yale, dirisha si lile. Ukigawanya fedha za dirisha moja kwa wanafunzi wa dirisha jingine, unapata namba isiyo na mwenyewe.

Corona nayo ilivuruga kalenda zaidi. Vyuo vilifungwa Machi 2020. KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ya 2020 ilifanywa Machi na Aprili 2021, ya 2021 ikafanywa Machi 2022, na ya 2022 ikarudi mwisho wa mwaka wake. Ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, 2022, kulifanyika mitihani miwili ya KCSE. Kwa hiyo kundi liiteni kwa mwaka wa KCSE au kwa tarehe ya kuripoti. Mkisema tu "wanafunzi wa 2021", mmoja atamaanisha waliofanya mtihani wa 2021 na mwingine walioingia chuo 2021, na hao ni watu tofauti kabisa.

#5 MhasibuMakupa

Kuna chanzo ambacho wanafunzi hawakigusi: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila chuo cha umma hukaguliwa kila mwaka, na ripoti huwekwa kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Ndani yake kuna hesabu kamili za chuo pamoja na maelezo yenye nambari. Msiishie kwenye ukurasa wa mapato. Nendeni kwenye nambari ya maelezo iliyo pembeni mwa mstari wa karo, ndiko mnakoukuta mchanganuo.

Jambo la kuelewa: hesabu hizi hurekodi karo inapodaiwa, hata kama haijalipwa. Mwanafunzi akitozwa na asilipe, mapato yameshaandikwa, na deni linakaa upande wa mali kama fedha zinazodaiwa. Kwa hiyo "mapato ya karo" si pesa zilizoingia benki. Ukitaka pesa zilizoingia kweli, soma taarifa ya mtiririko wa fedha.

Soma pia maoni ya mkaguzi. Ni aina nne: safi, yenye kasoro, mabaya, na pale mkaguzi anapokataa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Ukinukuu namba kutoka hesabu zenye kasoro, tazama kasoro yenyewe inahusu mstari upi. Ikiwa inahusu ardhi isiyo na hati, namba yako ya karo haijaguswa. Ikiwa inahusu madeni ya wanafunzi yasiyo na orodha, basi hapo andika tahadhari.

Na msilinganishe ovyo "wanafunzi wa serikali" kabla na baada ya kundi la 2023. Kundi hilo ndilo la kwanza kuingia na mfumo wa ufadhili na mkopo unaopangwa kwa uwezo wa familia. Pesa zilizokuwa zikionekana kama ruzuku ya chuo sasa zinaweza kuwa zimekaa mstari mwingine.

#6 Chiriku_Nyali

Swali jepesi: nataka wanafunzi wa vyuo vikuu wa Mombasa, mji mzima. Nijumlishe TUM na nini?

#7 BintiTakwimu

Si jepesi hata kidogo! Jedwali la KNBS limepangwa kwa chuo, si kwa kaunti. Vyuo vyenye makao Nairobi, Juja au Thika vimekuwa na kampasi hapa mjini, na wanafunzi wao wanahesabiwa kwenye mstari wa chuo mama. Upande wa pili, TUM ina wanafunzi Kwale na Lamu ambao hawako Mombasa. Ukijumlisha mistari utawakosa wa kwanza na kuwabeba wa pili.

Njia nyingine ni sensa ya 2019, juzuu ya nne, yenye elimu kwa kaunti. Lakini sensa humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa 24 kuamkia 25 Agosti 2019. Agosti wanafunzi wengi wako likizo kwao. Aliyepanga chumba Tudor huenda alihesabiwa Taveta kwa mama yake, na mtoto wa Kongowea anayesoma Eldoret akahesabiwa Kongowea. Sensa inajibu "wakazi wangapi wako chuo kikuu". Haijibu "vyuo vya Mombasa vinafundisha wangapi". Kwa hilo la pili, itabidi uombe kampasi moja moja.

#8 FundiJedwali

Tuje kwenye faili lenyewe, maana siku utakapopewa Excel ndipo kazi inapoanza.

Jambo la kwanza, kabla ya kuhesabu chochote: mstari mmoja ni nini? Faili linalotolewa kwenye mfumo wa usajili mara nyingi huwa na mstari mmoja kwa kila somo la kila mwanafunzi. Mistari 3,360 si wanafunzi 3,360. Kila mmoja akiwa na masomo 7, hao ni 480. Mtu anayehesabu mistari atatangaza chuo kimejaa mara saba.

Faili likiwa CSV, yaani maandishi matupu yenye safu zilizotenganishwa kwa mkato, usilibofye mara mbili. Excel italifungua kwa kubahatisha aina ya kila safu, na bahati yake ni mbaya. Sifuri za mwanzo zitaanguka. Namba za mtahiniwa wa KCSE zina tarakimu 11, na nyingi za Pwani huanza na sifuri. Ukiona zimekuwa tarakimu 10, ujue zimeshakatwa. Kitu kama 9/2019 kitageuka tarehe, Sep-19, na huwezi kukirudisha kwa kubadilisha muundo wa seli, kwa sababu chini yake tayari kimekuwa namba ya siku. Fungua Excel tupu, ingia Data, chagua From Text/CSV, na pale penye Data Type Detection chagua isitambue aina yoyote. Kila kitu kije kama maandishi. Namba utazigeuza baadaye mwenyewe, zile tu za kujumlishwa.

Sasa namba za usajili. Hizi nne kwa macho ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni wanne:

BSC/0045/2019
BSC/45/2019
bsc/0045/2019
BSC/OO45/2019

Ya nne ina herufi O mahali pa sifuri, kazi ya karani aliyechoka. Na kuna ya tano isiyoonekana: ile yenye nafasi mwishoni. TRIM huondoa nafasi ya kawaida, lakini data iliyonakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti huja na nafasi ya aina nyingine, herufi nambari 160, na TRIM haiigusi. Tumia:

=UPPER(TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")))

Herufi kubwa na ndogo zinarekebishika hapo hapo. Sifuri za katikati na herufi O zinahitaji ukate namba kwenye mikwaju, urekebishe kipande cha katikati, uunganishe upya. Usirekebishe juu ya safu ya asili. Weka safu mpya pembeni na uiache ya zamani ilivyo, ili mtu akikuuliza uone ulichobadilisha.

Ukishasafisha, tafuta marudio kwa COUNTIF zaidi ya 1. Kisha kuna marudio yaliyojificha: mtu mmoja, namba mbili halali. Aliyemaliza diploma akaendelea na shahada hapo hapo. Aliyebadilisha kozi akapewa namba mpya. Hawa utawapata kwa namba ya mtahiniwa, lakini lazima uiunganishe na mwaka wa KCSE. Namba hiyo ni msimbo wa shule pamoja na nafasi ya mtahiniwa kwenye orodha, kwa hiyo mtahiniwa wa 001 wa shule ile ile yupo kila mwaka, na kila mwaka ni mtu mwingine. Bila mwaka utawaunganisha watu wasiojuana na kusema ni mmoja.

Seli zilizounganishwa, zile kichwa kimoja kimefunika safu tatu, ziachanishe kabla ya kutengeneza pivoti, lile jedwali la Excel la kujumlisha kwa makundi. Na mstari wa "JUMLA" ulio katikati ya data ufute kwenye nakala yako, la sivyo kila mtu anahesabiwa mara mbili.

#9 SalimMajengo

Hapo kwa PDF je? Nyingine ni picha tu za karatasi.

#10 FundiJedwali

Jaribu kuchagua neno kwa kipanya. Likichaguliwa, ni maandishi, tumia Tabula, ni ya bure, unachora mstatili juu ya jedwali na inakupa CSV. Lisipochaguliwa ni picha, na programu ya kusoma picha itakosea 1 na 7, 3 na 8, 5 na 6. Usiamini kwa macho. Jumlisha kila safu na ulinganishe na jumla iliyochapishwa. Jedwali la kurasa mbili, charaza kwa mkono, utamaliza mapema.

#11 NahodhaWaLikoni

Na kiwango cha kumaliza? Naona tasnifu zinagawanya orodha ya mahafali kwa walioingia miaka minne nyuma.

#12 MkaziWaTudor

Kosa la kila mwaka hilo, tulifungue kwa mfano wa kubuni. Walioingia Septemba 2018 ni 90, kozi ya miaka minne. Orodha ya mahafali ya 2022 ina majina 74. Mwanafunzi anaandika asilimia 82 wamemaliza kwa wakati. Sasa tazama mwaka ulio mwishoni mwa namba za usajili kwenye orodha hiyo: 51 ni wa 2018, 17 wa 2017, 6 wa 2016. Waliomaliza kwa wakati ni 51 kati ya 90, asilimia 57. Wengine 23 ni wa makundi ya nyuma: walioahirisha, waliorudia mtihani, waliosubiri maksi zilizopotea, waliokwama kwa karo.

Endelea kufuata kundi hilo hilo la 90. Mahafali ya 2023 yana 14 wao, ya 2024 yana 4. Baada ya miaka sita waliomaliza ni 69, asilimia 77. Kwa hiyo kundi moja lina viwango viwili, 57 na 77, vyote sahihi, na 82 si sahihi popote.

Miaka sita sikuitoa hewani. Marekani vyuo hutoa taarifa kwa mfumo wa IPEDS kwa kipimo cha asilimia 150 ya muda wa kawaida, yaani miaka sita kwa shahada ya minne. Ukitumia kipimo hicho huku, kumbuka uhandisi ni miaka mitano na udaktari wa tiba sita, basi usiweke kozi zote kwenye dirisha moja. Na kundi la 2018 lilikatwa na Corona katikati, lisilinganishwe na la 2014 bila kusema hivyo.

#13 Chiriku_Nyali

Mimi sikubali moja. Waliohamia chuo kingine uwatoe kwenye ile 90. Hawakushindwa, wameondoka tu.

#14 MkaziWaTudor

Ukiwatoa, chuo kinachokimbiwa kitaonekana kizuri. IPEDS yenyewe huruhusu kuondoa waliofariki au kupata ulemavu wa kudumu, na wachache wa aina ya walioingia jeshini, lakini waliohama hubaki kwenye kigawanyo na huonyeshwa kwenye mstari wao. Mimi nafuata hiyo. Ukitaka ya kwako, ifanye, lakini weka zote mbili kwenye jedwali na uandike kigawanyo chake. Msomaji achague.

#15 Chiriku_Nyali

Sawa, hapo umenishika. Mstari wao peke yao.

#16 BintiTakwimu

Kabla hatujasahau wahadhiri. Miongozo ya CUE ya 2014 inaweka mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 7 kwenye udaktari wa tiba na fani za afya, 10 kwenye sayansi tumizi na sayansi asilia, 15 kwenye sanaa, 18 kwenye sayansi za jamii. Uwiano wa chuo kizima ukilinganisha na mojawapo ya hizo hausemi kitu. Lazima fani kwa fani. Na uliza wahadhiri wa muda wamehesabiwaje. Kwa vichwa, anayekuja Jumanne jioni kufundisha somo moja ni sawa na profesa wa kudumu.

#17 MhasibuMakupa

Barua sasa. Njia ni mbili na watu huzichanganya.

Ukitaka rekodi za mtu mmoja mmoja kwa ajili ya utafiti, hata bila majina, tarajia kuombwa idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti, kisha barua kwa msajili. Ukitaka jumla tu, idadi kwa kozi na jinsia, hiyo ni taarifa ya taasisi ya umma, na raia ana haki nayo chini ya kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Taarifa, nambari 31 ya 2016.

Sheria hiyo inasema ombi liwe kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili, msiogope. Sababu yako ya kutaka taarifa haiathiri haki yako. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, isipokuwa gharama ya kutoa nakala. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21, na wanaweza kuongeza mara moja, siku zisizozidi 14, ikiwa taarifa ni nyingi au lazima washauriane na wengine. Kama taarifa iko taasisi nyingine, wanapaswa kuhamisha ombi ndani ya siku 5. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ndani ya siku 30. Afisa wa taarifa kisheria ni mkuu wa taasisi, kwa hiyo barua iende kwa Naibu Chansela, nakala kwa msajili. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Bila muhuri huo huna pa kuanzia kuhesabu siku 21.

Ombi linaloshindwa ni lile linaloomba "takwimu zote za wanafunzi". Karani hajui aanzie wapi, linakaa kwenye trei.

#18 BintiTakwimu

Na hapo kwa jumla kuna mpaka. Ukiomba kozi kwa mwaka kwa jinsia kwa kaunti, utafika kwenye seli yenye mtu 1. Msichana mmoja wa Lamu, mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme: nusu ya Tudor wanamjua. Hiyo si takwimu tena, ni habari binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu. Vyuo vingi duniani huficha seli iliyo chini ya 5 au 10. Ukichapisha wewe, ficha, na ufiche mbili. Ukificha wanawake peke yao na kuacha jumla 14 na wanaume 13, hujaficha kitu.

#19 Mwanakombo_K

Nimeandika hivi, nisahihishieni kabla sijapeleka:

"Chini ya Sheria ya Kupata Taarifa, nambari 31 ya 2016, naomba idadi ya wanafunzi wa shahada za uhandisi waliojisajili kwa muhula wa kwanza, kwa kampasi ya Tudor pekee, kuanzia mwaka wa masomo 2019/2020 hadi 2023/2024, ikigawanywa kwa kozi, mwaka wa masomo na jinsia. Hesabu iwe ya siku usajili wa muhula ulipofungwa. Naomba faili la Excel au CSV. Sihitaji majina wala namba za usajili. Seli zenye watu chini ya 5 zinaweza kufichwa."

#20 FundiJedwali

Nzuri sana dada. Ongeza "pamoja na maelezo mafupi ya kila safu", la sivyo utapokea vichwa vya safu kama ST_CD na hutajua ni hali ya mwanafunzi au kituo. Na omba tarehe yenyewe ya kufunga usajili kila mwaka, maana ikisogezwa mwezi mbele namba inapanda bila mtu mpya kuingia.

#21 NahodhaWaLikoni

"Mwaka wa masomo" umelitumia mara mbili kwa maana mbili. La kwanza ni 2019/2020. La pili, pale kwenye kugawanya, unataka mwaka wa kwanza hadi wa tano. Karani atasoma zote kuwa kitu kimoja na kukuletea jumla ya kila mwaka bila kugawanya. Hapo pa pili andika "mwanafunzi yuko mwaka wa ngapi, 1 hadi 5".

#22 Mwanakombo_K

Nimebadilisha. Napeleka Jumatatu asubuhi, na nakala ya muhuri.

#23 MhasibuMakupa

Nenda kabla ya saa nne. Ofisi ya kupokea barua huwa na foleni ya wanaotafuta transkripti.